Kura ya Mwanafunzi ni ya Wapi?

Yako maneno yasemwayo Kitengela na Kajiado, na pengine popote penye chuo, ambayo ningependa uyapime, msomaji, kabla hujayapokea. Husemwa kwamba kijana atokaye Busia, au Kitui, au Lamu, akaja kusoma chuoni Kitengela, hastahili kujiandikisha kuwa mpiga kura hapo. Kwamba yeye ni mpita njia, na kura ya mpita njia ni ya kwao alikozaliwa. Maneno haya hutamkwa kwa sauti kubwa hata wengi huyadhani kuwa ni sheria. Si sheria. Nayapinga, nawe utayasikia siku utakapotoka sekondari na kwenda mbali na kwenu, basi yafaa uwe na jibu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 83, yataja masharti matatu tu ya mtu kuandikishwa: awe raia mtu mzima, asiwe ametangazwa kuwa hana akili timamu, na asiwe amehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Hapana neno juu ya kaburi la babu, wala shamba, wala kabila. Kifungu hicho hicho chaagiza kwamba mtu aandikishwe katika kituo kimoja tu, na kwamba taratibu za kuandikisha ziwe za kumrahisishia raia njia, zisiwe za kumnyima kura. Wengine hushika kitambulisho na kuonyesha jina la wilaya lililopigwa chapa juu yake, kana kwamba jina hilo ni kamba ya kumfungia mbuzi. Kitambulisho chasema wewe ni nani na kwamba u raia. Hakisemi ukapigie kura wapi.

Turudi kwa huyo aitwaye mpita njia. Shahada huchukua miaka minne, na muhula wa gavana ni miaka mitano. Ajabu ya mpita njia apitaye karibu muhula mzima! Katika miaka hiyo hulipa kodi ya chumba, hununua maji ya mtungi pale mifereji inapokauka, na hurejea usiku kwa njia isiyo na taa. Siku ya uchaguzi atapewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge na ya mwakilishi wa wadi. Tano kati ya hizo ni za mahali. Huko kwao atamchagua mwakilishi wa wadi ambayo yeye huiona wakati wa likizo tu, na hapa aishipo asiwe na neno juu ya maji anywayo wala barabara apitayo. Hata ile ya rais haikosi mahali pake, kwa kuwa mshindi hutakiwa kupata, pamoja na zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47.

Tena Kitengela ni mji wa nani? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta humo watu 154,436, katika kaunti yenye watu 1,117,840. Wengi walikuja kwa kazi, kwa biashara, kwa viwanja vya bei nafuu kuliko vya Nairobi. Mwenye duka aliyefika juzi huandikishwa bila swali la ukoo. Kwa nini swali hilo limngoje mwanafunzi peke yake?

Hata hivyo liko neno moja zito, nami sitalipita mbio. Wazee wa Kimaasai wana kumbukumbu. Mikataba ya mwaka 1904 na 1911 na Waingereza iliwaondoa watu wao katika malisho ya Bonde la Ufa na kisha Laikipia, ikawasukuma kusini. Ardhi ya pamoja ya Kitengela nayo iligawanywa kwa wanachama mwishoni mwa miaka ya 1980, na vipande vingi vikauzwa. Mzee aliyeyaona hayo, akiona safu ndefu ya vijana wageni mbele ya karani wa uandikishaji, hudhani ananyang'anywa mara nyingine. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini dawa yake siyo hii. Kura ya mwanafunzi haibadilishi hati ya shamba la mtu. Ardhi iliondoka kwa mikataba na kwa mauzo. Na ikiwa kanuni ni kumrudisha kila mtu alikozaliwa, basi kijana wa Kimaasai asomaye Eldoret au Mombasa naye atafukuzwa kituoni huko, na hatakuwa na pa kulalamika.

La kuogopwa kwa haki ni jingine: mgombea apakiaye watu garini, wasiolala Kitengela hata usiku mmoja, akawaandikisha kwa ujira. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 humshika atoaye hongo na aipokeaye pia, na humshika ajiandikishaye mara mbili. Mwanafunzi akaaye hapa si ndugu wa hao, ila akiipokea ile fedha.

Wala swali la "huyu anastahili?" si geni nchini. Mwaka 1957 Waafrika walipochagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, serikali ya kikoloni ilipima elimu, mali na mapato ya mtu. Mmoja akapewa hadi kura tatu, na mwingine hakupewa hata moja. Ng'ambo nako, katika wilaya ya Waller huko Texas, mwandikishaji aliwauliza wanafunzi wa chuo cha watu weusi cha Prairie View kama wana mali wilayani na wana mipango gani baada ya masomo. Mahakama zilimkataza, na mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha.

Sasa nawe mwanafunzi, usishangilie mapema. Uchaguzi mkuu ujao waangukia Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na huenda chuo chako kikawa kimefungwa. Aliyejiandikisha Kitengela, kisha siku hiyo akawa Busia kwa mama yake, hana kura popote. Hesabu siku zako kwanza. Ukiona kwamba hakika utakuwa nyumbani, jiandikishe nyumbani, wala hapana aibu; uamuzi ni wako, si wa mwenye sauti kubwa. Ukiandikishwa chuoni, kisha ukahitimu na kuhama, sheria ya uchaguzi ya mwaka 2011 yakuruhusu kuhamisha uandikishaji wako hadi kituo kingine, mradi uombe mapema, kabla uchaguzi haujakaribia.