Baiskeli ya mfanyakazi ni amana, si takataka ya getini

Mwaka jana niliegesha baiskeli yangu nyuma ya ofisi moja mjini Gitega saa mbili asubuhi. Nilipotoka saa tisa na nusu nilikuta mnyororo umekatwa, umelala chini. Nilipomuuliza mlinzi alinijibu kwa upole: "Mzee, mimi nalinda ofisi. Baiskeli hukunikabidhi." Nilikasirika sana. Lakini nikirudi nyumbani kwa miguu nilikiri moyoni kwamba mlinzi yule alisema kweli. Sikumkabidhi, na wala hapakuwa na utaratibu wa kumkabidhi.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, kazi zimeongezeka mjini, na wanaozifanya wengi wao hulala vilimani. Uhaba wa petroli uliotuandama tangu mwaka 2021, na kuzidi mwaka 2024, umewafundisha hata waliokuwa wakipanda gari kwamba baiskeli haingoji foleni ya kituo cha mafuta. Hata hivyo, serikali inapozungumzia baiskeli huzungumzia mahali zisipotakiwa kupita. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura. Swali la wapi baiskeli ikae wakati mwenyewe yuko kazini halikuulizwa, na mpaka leo halijapata jibu.

Ndugu msomaji, kwa wewe uliyerejea kutoka Nduta, Nyarugusu au Mtendeli, kambi iliyofungwa mwaka 2021, sina haja ya kueleza thamani ya baiskeli. Zaidi ya Warundi 100,000 wamerudi kutoka Tanzania tangu mwaka 2017, na wapo walionunua baiskeli kwa sehemu ya fedha waliyopewa kuanzia maisha. Mtu wa namna hiyo akipata kibarua cha ujenzi mjini na baiskeli ikaibiwa siku ya tatu, hapotezi chombo peke yake. Kesho hafiki kazini kwa wakati, na kesho kutwa nafasi yake ina mtu mwingine.

Kule Muyinga, ambayo tangu mabadiliko ya mikoa ya mwaka 2025 iko katika mkoa wa Buhumuza, tatizo lina sura nyingine. Chukua mfano wa mama mfanyabiashara anayetoka kilimani kwa baiskeli, anaiacha mjini na kupanda gari kwenda Kobero kufuata bidhaa zinazovuka kutoka Kabanga, upande wa Ngara. Hajui kama atarudi saa nane au usiku. Akili yake haiko kwenye bei anayopatana; iko kwenye baiskeli aliyoiacha chini ya baraza ya watu. Atakubali bei mbaya ili awahi kurudi.

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo ndipo ilipo dawa. Sheria ya mikataba tuliyorithi kwa Wabelgiji inaitambua amana: anayepokea kitu cha mwenzake akitunze, anapaswa kukitunza kama anavyotunza vyake. Lakini amana huanza kwa kupokea. Baiskeli iliyoegemezwa ukutani haijapokewa na mtu.

Kwa hiyo ninachopendekeza hakihitaji mfadhili. Kwanza, kila ofisi, kiwanda, shule na eneo la ujenzi litenge sehemu moja mbele ya macho ya mlinzi, si nyuma ya choo. Pili, ziwekwe nguzo za mikaratusi zilizochimbiwa vizuri, fremu ifungwe hapo, maana baiskeli iliyofungwa gurudumu peke yake hubebwa nzima begani. Tatu, viwepo vibao viwili vyenye namba moja: kimoja kwenye usukani, kingine mfukoni mwa mwenyewe. Asiye na kibao hatoki na baiskeli. Nne, namba ya fremu iandikwe daftarini, ili ikionekana sokoni mwenyewe awe na ushahidi.

Wakubwa watasema nafasi hakuna. Mbona ya magari ipo? Pale linapokaa gari moja hukaa baiskeli kama kumi. Watasema pia kwamba usalama wa ofisi hauruhusu vyombo kuingia ndani ya uzio. Hoja hiyo naikubali. Basi ziwekwe nje, mradi mlinzi aziandike. Mjini Utrecht, Uholanzi, maegesho ya chini ya stesheni yaliyokamilika mwaka 2019 yanachukua baiskeli 12,500. Sisi hatuombi hayo. Tunaomba nguzo, vibao na daftari.

Kwa Muyinga, komuna inaweza kufanya vivyo hivyo sokoni, kwa ada ndogo na risiti, na mlinzi abaki mpaka gari la mwisho la Kobero lifike. Wapo vijana wasio na kazi wanaoweza kuifanya kazi hiyo kwa zamu.

Mlinzi wa siku ile bado yuko getini pale, na kila nikipita tunasalimiana. Sina ugomvi naye. Ninachotaka ni bosi wake ampe daftari, ili mwingine akiuliza baiskeli yake iko wapi, asijibiwe kama nilivyojibiwa mimi.