Kompyuta Yenye Lumbesa

Mang'ola mtoto anaijua lumbesa kabla hajajua kuandika jina lake. Gunia linajazwa vitunguu mpaka mdomoni, kisha linavishwa kilemba: wavu unashonewa juu, vitunguu vingine vinarundikwa, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Mkulima akilalamika anaambiwa huo ndio utaratibu wa soko. Sheria ya vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo umeikemea mara nyingi, na bado magari yanaondoka Barazani yakiwa na magunia yenye vichwa.

Mwaka huu nimegundua kwamba kompyuta nazo zina lumbesa. Tofauti ni kwamba hii hatujaipa jina, na kwa kuwa haina jina tunadhani kosa ni letu.

Nilirudi nyumbani kukusanya data za tasnifu yangu ya uzamili, na kompyuta yangu ya zamani ikanifia mikononi. Baba akauza vitunguu kabla bei haijapanda, nikaenda Arusha kununua mpya. Nilichukua isiyo na mfumo endeshi kwa sababu ndiyo nafuu. Mfumo ningeusakinisha mwenyewe. Nilijaribu mara tano.

Mara ya kwanza faili kuu la mfumo lilikataa kuingia kwenye flashi. Niliambiwa tu kwamba ni kubwa mno, na flashi yenyewe ni ya GB 16, tena tupu. Kumbe flashi ilikuwa na mpangilio uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4.

Mara ya pili nilifika kwenye ukurasa wa kuchagua diski nikakuta orodha tupu. Fundi mmoja Karatu mjini aliitazama dakika tano akatoa hukumu: diski imekufa, nunua nyingine. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu magunia. Bahati nzuri rafiki yangu alikuwa na flashi ya Ubuntu, ambayo huwaka bila kusakinishwa. Tulipoiwasha, diski ikaonekana nzima na ukubwa wake wote. Waifai pia ikaonekana. Mashine haikuwa mgonjwa. Ilikuwa mpya kuliko kisakinishi nilichopewa, na ndani ya kisakinishi hamkuwa na draiva, yaani kile kijiprogramu kinachoutambulisha mfumo kwa kidhibiti cha diski. Niliishusha kwa simu, nikaiweka kwenye flashi, orodha ikajaa.

Mara ya tatu mfumo uliingia kwenye diski, ukaniuliza nchi na kibodi, kisha ukasimama: unganisha intaneti. Hapakuwa na kitufe cha kuruka. Waifai haikuonekana kwa kuwa draiva yake nayo haikuwamo, na mfumo ulitaka kuitafuta mtandaoni. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba, halafu unaambiwa ufungue mlango.

Mara ya nne niliunganisha simu kwa waya. Sasa ikataka akaunti, ikataka namba ya simu, ikaanza kushusha masasisho ambayo sikuyaomba. Bando likakata njiani. Ujumbe ulikuja kwa Kiingereza, na maana yake ni hii: kuna hitilafu, jaribu tena. Hitilafu gani? Haukusema.

Mara ya tano ilikubali, saa saba usiku, kwa bando la pili, simu ikiwa juu ya ukuta upande ambao mtandao unashika. Saa hizo baba alikuwa shambani akisubiri zamu yake ya maji. Aliporudi na matope miguuni alinikuta bado natazama asilimia zikipanda. Nikamweleza yote. Akauliza, "Kwani mwanangu, hii kompyuta umeinunua au umekodishwa?"

Sikuwa na jibu, na ninaandika haya kwa sababu nadhani swali lake ndilo sahihi. Bei iliyoandikwa dukani haikuwa bei. Juu yake kulikuwa na kilemba: mabando mawili, nauli ya Karatu, namba yangu ya simu, akaunti nisiyoihitaji, siku nne za kazi. Mkulima wa lumbesa anaongeza vitunguu, mimi niliongeza fedha na taarifa zangu. Sote wawili tulipimiwa na mtu ambaye hakutuuliza.

Wapo watakaosema akaunti ni kwa usalama wetu, kwamba diski ikifungwa kwa siri ufunguo wake unatunzwa humo. Ni kweli, na ni huduma nzuri. Basi nipewe kama huduma, nikubali au nikatae. Kitu kinachokuzuia kuingia nyumbani kwako mwenyewe hakiitwi mlinzi. Wengine watasema nibaki na Ubuntu. Ningebaki, ila programu ya takwimu tunayotumia idarani imetengenezwa kwa ule mfumo mwingine. Hata hivyo Ubuntu imenionyesha jambo moja: mfumo unaweza kusakinishwa bila intaneti na bila akaunti. Kwa hiyo intaneti ya lazima si sheria ya maumbile. Kuna watu waliikalia kikao wakaiamua, mahali ambapo mtandao haukatiki.

Na lugha je? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishirikiana na wataalamu kutoka Sweden kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Zaidi ya miaka 20 imepita. Kila Julai 7 tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba na ngonjera, halafu tunarudi kwenye skrini inayotukaripia kwa lugha nyingine bila hata kutaja kosa.

Lakini lumbesa haiishi kwa nguvu ya mnunuzi peke yake. Inaishi pia kwa aibu ya muuzaji. Mimi msomi wa shahada ya pili niliamini kwa siku mbili kwamba mjinga ni mimi, mshamba wa Mang'ola asiyejua kompyuta. Fundi naye hakujua, akaona heri kuihukumu diski kifo kuliko kusema hajui. Kila anayenyamaza hivyo anashona kilemba kingine.

Mkulima anayejitambua siku hizi anadai mizani. Mizani yetu ni hii: kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe mashine palepale kaunta, intaneti ikiwa imezimwa, muitazame pamoja hadi ifike mwisho. Ikisimama njiani, muulize nani atalipia kilichobaki, na umwache ajibu mbele ya wateja wengine.