Mia Tano ya Wapi?

Ukiwa sokoni Tarakea mtu akakwambia "mia tano", usikimbilie kutoa hela. Uliza kwanza: ya kwetu au ya Kenya? Mpaka uko palepale, Loitokitok iko ng'ambo, na shilingi moja ya kule ni zaidi ya kumi za huku. Hata mtoto anayetumwa dukani analijua hilo. Ila sisi tunaosoma kompyuta, tukikaa mbele ya skrini tunalisahau.

Chukua zoezi linalotutesa: kusogeza kiboksi kwenye ukurasa kwa JavaScript. Kiboksi kiko "100px" kutoka kushoto. Unaandika style.left + 10 ukitegemea 110. Wapi! Unapata "100px10", kwa sababu thamani ile ni maandishi, na alama ya kujumlisha imeyaunganisha tu. Kivinjari hakikielewi kipimo hicho, kinakitupa kimyakimya, na kiboksi hakitikisiki. Saa nane za usiku unalaumu laptopu.

Anakuja mwenzako: "Weka parseInt, bwana, halafu malizia na px." Unaweka, kinasogea, unakusanya kazi. Hapo ndipo ninapogomba. parseInt inasoma tarakimu za mwanzo na kuacha kipimo. Siku kiboksi kikiwa "50%", inakurudishia 50. Ukijumlisha 10 na kubandika px, kitu kilichoanzia katikati ya ukurasa kinarukia pembeni. Umedaiwa mia tano ya Kenya ukalipa ya Tanzania, na hakuna aliyepiga kelele. "12.5px" nayo inakuwa 12, pale ilitakiwa parseFloat. Na kama thamani iliwekwa kwenye faili la CSS, style.left iko tupu, na parseInt inakupa NaN, yaani si namba. Hapo tumia getComputedStyle.

Mtasema muda hautoshi, kudesa kunaokoa. Sawa, hata mimi nimedesa. Lakini kesho haohao sisi tutaandika programu ya duka la dawa, ambako miligramu na mililita hazibadilishani viti.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wetu ni dogo: msitoe maksi kwa sababu kiboksi kimesogea. Badilisheni px iwe asilimia mbele ya mwanafunzi, kisha mwulizeni kwa nini kimeruka. Akijibu, mpeni zote.