Waliochoka Wapewe Mkate Kwanza

Na Neema Masima

Maji tunayokunywa Dodoma kwa miaka mingi yametoka visima vya Makutupora. Wataalamu walikusanya kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji katika bonde lile, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Walikuta kwamba maji ya chini hushuka miaka kadhaa mfululizo, mvua za kawaida zikipita bila kuongeza kitu cha maana. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa, kama ule wa El Niño wa 1997/98, ndipo yanapanda tena. Katikati ya misimu hiyo, mji unaishi kwa akiba iliyokwisha kuingia ardhini.

Nimekuwa nikiyawaza haya nikisikiliza mazungumzo ya nje ya kanisa baada ya ibada. Watu wamechoka. Mkulima wa zabibu amevuna na hana wa kumuuzia. Mama amerudia kupanda uwele kwa sababu mbegu za kwanza ziliungua na jua. Kijana ana cheti, kazi hana, na mwenye nyumba anabisha hodi.

Sisi tunawajibu nini? Mara nyingi tunawaambia muujiza uko mlangoni, mwaka huu ni wa kuinuliwa, watoe sadaka ya imani waone. Mwaka unakwisha, na mtu yule yule sasa anabeba uchovu pamoja na aibu ya kuonekana hana imani. Hiyo ni dhuluma, hata ikifanywa kwa nia njema.

Biblia haina haraka hiyo. Katika 1 Wafalme 19, Eliya amechoka hata anaomba afe. Hakemewi. Malaika anamgusa na kumpa mkate na maji. Anakula, analala, anaamshwa ale tena. Safari ya Horebu na sauti ya Mungu vinakuja baadaye. Habakuki naye, katika sura ya 3, anataja hasara ambazo Mgogo yeyote anazijua: mizabibu isiyozaa, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na ng'ombe. Hafichi hata moja, na bado anamfurahia Mungu.

Ugogo umewahi kufika huko. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na kisha Waingereza walichukua nafaka, mifugo na wapagazi. Mvua nayo ikakosekana. Ikafuata njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Makadirio ya wakati ule yalisema ilichukua watu 30,000 kati ya Wagogo 150,000. Aliyekuwa akichimba mizizi porini mwaka 1919 angewezaje kuwaza kwamba mwaka 1927 ingeanzishwa Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake Dodoma? Au kwamba mwaka 1955 dayosisi hiyo ingempata Yohana Omari, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika? Sisemi njaa ile ilikuwa na faida. Wafu wale hawakurudi, na hakuna askofu anayeweza kuwa fidia yao. Nasema tu kwamba Mungu hakuwa ameondoka Ugogo.

Tumaini la Mkristo halitegemei dalili za msimu huu. Linategemea jambo lililokwisha kutendeka: Kristo alikufa, akafufuka. Wanawake walioenda kaburini alfajiri ile walibeba manukato ya maiti. Hawakwenda wakiwa na matarajio makubwa. Walikwenda kwa sababu walimpenda, na jiwe walilikuta limeondolewa. Mtu aliyechoka anaweza kuja kanisani hivyo hivyo, bila wimbo moyoni, akaishi kwa imani ya wenzake mpaka yake ipate nguvu.

Basi nina ombi kwa wachungaji wetu wa Makutupora, Veyula, Hombolo na mjini. Jumapili hii, mkishawaita waliopokea watoe ushuhuda, waiteni na wanaosubiri. Waombeeni bila kuwaahidi tarehe. Na jumuiya ikikutana katikati ya wiki, kabla ya kufungua neno, mmoja wenu aulize nani hana unga nyumbani.