Makofi Hayaingii Chunguni

Pana kauli iliyoota mizizi katika mabaraza ya wapenzi wa ushairi, visiwani na mrima, nayo hutamkwa kwa sauti ya heshima kana kwamba ni wasia wa wazee: shairi halina bei. Msemaji hudhani kwamba amelipandisha shairi daraja. Aghalabu anachotaka ni kulipata bure.

Kauli hiyo na ipimwe mahali inapoumiza. Kivukoni ni pembezoni mwa mji wa Ifakara, mkoani Morogoro, ukingoni mwa mto Kilombero. Hapo ndipo wasafiri wa kwenda Mahenge walipokuwa wakisubiri pantoni. Januari 2016 kivuko MV Kilombero II kilizama kikiwa na abiria. Mei 2018 Rais John Magufuli alizindua daraja la mita 384. Hakuna mwenye akili timamu anayeililia pantoni. Lakini penye kusubiri huwa pana baraza, na penye baraza mwenye hadithi au wimbo hupata sikio. Gari linalopita darajani halimsikilizi mtu.

Kijana wa mahali kama hapo, aliyejaaliwa kutunga na kuchora, haishi kwa kalamu wala kwa brashi. Masika hupalilia mpunga wa mwenye shamba. Mavuno yakiwadia hubeba magunia hadi kwenye mashine ya kukoboa. Katikati ya misimu huendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku, na siku yenye bahati huitwa kuchora kichwa na mkasi ukutani mwa kinyozi. Beti huziandika usiku, nyuma ya daftari lile lile la hesabu. Kazi hizo zote, hata ile ya kubeba gunia, bei yake hutajwa kabla mkono haujanyanyuliwa. Ni moja tu isiyotajiwa bei, nayo ni shairi.

Siku ya harusi, ya mahafali, au ya kumpokea mgeni rasmi, kijana huyo huitwa aje apambe shughuli kwa beti. Mpishi analipwa. Mwenye maturubai analipwa. Mwenye spika hawashi mashine yake mpaka amelipwa nusu. Mtunzi hupewa sahani ya pilau na makofi, kisha huambiwa kwamba amepata jina. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mtunzi peke yake ndiye anayetakiwa aulambe na ashukuru.

Watetezi wa kauli ile wana hoja tatu, na kila moja yafaa ijibiwe.

Ya kwanza ni kwamba dhiki ndiyo mwalimu wa msanii. Hutajwa wakubwa waliotoka chini ili kuthibitisha. Basi na watajwe kwa ukamilifu. Shaaban Robert aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, akaendelea na utumishi wa serikali katika idara mbalimbali hadi 1960. Vitabu vyake vingi vilitungwa na mtu mwenye mshahara. Siti binti Saad wa Fumba aliuza vyungu, ni kweli; lakini sauti yake ilivuka bahari mwaka 1928 kwa sababu kampuni ya santuri iliona kwamba wapo wa kuinunua, ikampeleka Bombay kuirekodi. Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alikuwa mtunza bustani Dar es Salaam kabla ya kuanza, mwaka 1968, kuchora kwa rangi ya mafuta juu ya mbao za dari. Michoro yake iliishi kwa kuwa iliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliotoa fedha. Kilichowainua watatu hao ni ujira au mnunuzi. Dhiki ilikuwapo, na iliwapunguzia saa za kazi yao. Ingekuwa dhiki ndiyo inayozaa mashairi, bonde la Kilombero lingekuwa na diwani katika kila nyumba.

Hoja ya pili ni ya kidini kwa sura yake: kipaji ni cha Mungu, hakiuzwi. Mvuvi wa Kivukoni angecheka. Mto ni wa Mungu, kambale na perege ni wa Mungu, na mtumbwi umechongwa katika mti wa Mungu. Hata hivyo hakuna anayekwenda mnadani akachukua samaki kwa kumsifu Muumba wake. Mnunuzi hulipia usiku wa baridi, nyavu zilizochanika, na hatari ya kiboko. Shairi nalo lina usiku wake. Kina cha kati kilichokataa kukaa kwa siku nne ni kazi, sawasawa na wavu ulioshonwa kwa siku nne.

Hoja ya tatu husema kwamba mambo yamekwisha kutengenezwa: ipo sheria, na zipo tuzo. Ni kweli kwamba Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na Zanzibar ina yake ya 2003. Ni kweli pia kwamba Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa Aprili 2023, imewapa heshima na fedha watunzi wa mashairi. Yote hayo ni mema. Lakini sheria humlinda mwenye kudai, na kijana anayeogopa kutoitwa tena hadai. Tuzo nayo huwafikia wachache mara moja kwa mwaka, ilhali njaa hufika kila siku na haina jopo la majaji.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba hii ni habari ya bara. Maji ya Kilombero huingia Rufiji na kumwagika baharini mkabala na Mafia, na dhuluma hii imekwisha kufika huko pia. Pwani ina desturi njema ya kumtunza mwimbaji wa taarabu. Lakini tunzo ni hisani ya anayetoa, hutolewa akipenda na kwa kadiri apendavyo. Kibarua wa magunia hangojei hisani. Kwa nini mtunzi aingoje?

Linalotakiwa si kubwa. Anayemwalika mtunzi na ataje ujira siku ya mwaliko, kama anavyoutaja kwa mwenye maturubai. Shairi likisomwa au likichapishwa, jina la mwenyewe litajwe. Diwani ikitoka inunuliwe, isiazimwe na kutolewa nakala mtaa mzima na wale wale wanaolalamika kwamba ushairi unakufa. Hata majarida ya utamaduni yasijitoe katika hesabu hii. Uchapishaji nao umezoea kulipa kwa heshima peke yake.

Na asiyekuwa na kitu aseme wazi kwamba hana. Hapo mtunzi atachagua mwenyewe, na huenda akatoa shairi lake bure kwa moyo mkunjufu, maana wapo maskini wakarimu kuliko matajiri. Lakini ukarimu ni hiari ya anayetoa. Haujapata kuwa haki ya anayepokea.