Kompyuta ya Kwanza Haianzi na Taa

Orodha huwa ni ileile. Kijana ananinyooshea simu pale karibu na stendi ya Webuye, anataka nimwambie kama amechagua vizuri. Juu kabisa kuna kadi ya grafiksi iliyokula nusu ya bajeti. Chini yake prosesa iliyotoka juzi tu. Halafu kesi ya kioo yenye feni nne zinazowaka kama disko matanga. Mwisho kabisa, baada ya mausi na kibodi na hata kiti, kuna mstari mmoja: "Pawa saplai, yoyote."

Hilo "yoyote" ndilo limenileta hapa.

Nasema hivi, na atakayekasirika akasirike: ukiwa Webuye, Bungoma, Kiminini au Kitale, na pesa zako ni za kuhesabu, orodha ya kompyuta yako ya kwanza inapaswa kuanza pale wengi wanapoimalizia. Anza na stima. Kesi iwe ya mwisho, na ikibidi iwe na sura mbaya.

Orodha nyingi tunazoiga zimetoka kwa jamaa wa Marekani au Ujerumani kwenye video. Simchukii. Lakini yeye kitu kikikataa, anakirudisha dukani na kupewa kingine. Wewe kikikataa, unakifunga kwa katoni, unakipakia kwa basi kama parseli hadi Nairobi, unalipa kwenda, unalipa kurudi, halafu mwenye duka anakupigia: "Bosi, hii umeichoma mwenyewe." Na huyo jamaa hajui radi ya huku kwetu. Hajui ile jioni ambapo stima inapotea, inarudi, inapotea, inarudi tena na kishindo, na jirani anapiga kelele watu wachomoe friji.

Nayajua haya kwa sababu yalinipata. Kesi yangu ya kwanza ilikuja na pawa saplai ya bure ndani, imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Nikafurahia bure. Jioni moja stima ilirudi vibaya, nikasikia mlio mdogo, kisha harufu. Haikufa peke yake, iliondoka na madabodi. Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na kazi ya mteja aliyekuwa amelipa nusu, na akiba yangu ya miezi minane. Taa za kesi, nakuapia, zilibaki nzima.

Hebu tuelewane kuhusu kazi ya hiki kisanduku. Stima ya ukutani Kenya ni volti 240. Hakuna kipande ndani ya kompyuta kinachoweza kuinywa hivyo. Pawa saplai ndiyo inayoishusha kuwa volti 12, 5 na 3.3, na kila kitu, kuanzia prosesa hadi diski, kinakunywa kutoka mtungi huo mmoja. Mtungi ukipasuka, hakuna anayebaki mkavu.

Kwa hiyo usisome tangazo la mbele, soma kibandiko cha pembeni. Tafuta laini ya volti 12 uone ina ampea ngapi. Ikiwa ni 18, zidisha kwa 12 upate wati 216. Hiyo ndiyo nguvu ambayo prosesa na kadi yako zitategemea zaidi, hata kama nje wameandika 500. Tafuta pia alama ya 80 PLUS. Hiyo hupima jinsi isivyopoteza umeme, si usalama wote, na kuna watu wanaoighushi. Lakini ile isiyo na alama, isiyo na ampea, isiyo na jina la kueleweka, iache pale pale dukani. Pesa zikibaki, nunua UPS ndogo. Haitakupa usiku mzima wa kucheza gemu. Itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu, na dakika hizo ndizo hulinda jina lako kwa mteja.

Sasa nije kwa jambo la pili, ambalo litanifanya nichekwe. Kama bajeti yako ni elfu arobaini na skrini humo humo, usinunue kila kipande kipya. Tafuta mnara wa ofisi uliotumika, zile HP EliteDesk, Dell OptiPlex au Lenovo ThinkCentre tunazoziita Ex-UK, ujenge kutoka hapo.

"Ah, hiyo si kujiundia kompyuta," wanasema. Nani kasema? Hao hao wanaosema hivyo wamevaa jaketi la mtumba, na wakilipata kamera wanajigamba mtaa mzima. Kujiundia ni kujua kwa nini kila kipande kiko pale kilipo. Mtu aliyenunua mnara mtupu, akaufungua, akaondoa diski ya kuzunguka akaweka SSD, akaongeza RAM, akasafisha vumbi na kubadilisha pasta ya prosesa, huyo ameunda. Aliyelipa duka limpangie kila kitu kwa sababu ya rangi, huyo amenunua pambo.

Ubaya wa minara hii siufichi. Nyingi zina pawa saplai yenye plagi za kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuweka nyingine yoyote tu. Kabla ya kulipa, uliza kama ya kubadilisha inapatikana Eldoret au Nairobi, na kwa bei gani. Zile fupi nyembamba hazipokei kadi ya grafiksi ya kawaida, kwa hivyo chagua mnara mrefu ukiweza. Kadi isiyo na waya wake wa umeme hutegemea tundu la madabodi, na tundu hilo hutoa wati 75 tu. GTX 1650 zisizo na plagi ya ziada zinatosha hapo. Ukiuziwa GT 1030, hakikisha ni ya GDDR5. Kuna nyingine ya DDR4 yenye jina lilelile na mwendo wa konokono.

Na prosesa? Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno. Muuzaji akisema "ni i7, ni kali," muulize ya kizazi gani. i7 ya kizazi cha nne ni mzee mwenye cheo. Kama ndiyo unayomudu, weka Linux na uendelee na maisha.

Ukisisitiza kununua vipya, Ryzen 5 5600G ina grafiksi ndani yake, kwa hivyo kadi inaweza kungoja mwaka ujao. Iwekee RAM mbili badala ya moja, maana grafiksi hiyo inakopa kutoka RAM. Lakini ujue bei ya RAM imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, vituo vya data vya AI vikigombania chipu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuuheshimu mtumba unaokuja na RAM yake ndani.

Mtu ataniambia yeye anataka gemu tu, si mahubiri. Sawa kabisa, gemu ni haki yako. Lakini kadi nzuri inaweza kuongezwa baadaye kwenye msingi mzuri. Madabodi iliyoungua haiongezwi kitu. Na wengi wetu mashine hiyo ya gemu ndiyo hiyo hiyo ya kuhariri video za harusi, ya kujazia watu fomu za eCitizen na KUCCPS, ya kulipa kodi ya nyumba.

Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zilipofika 2016 zilikuwa tableti, vitu vilivyofungwa ambavyo hakuna aliyetarajia tuvifungue. Kwa hiyo kijana anayeshika bisibisi na kufungua mashine yake mwenyewe anafanya jambo kubwa, na linaniuma kuona pesa zake zikiishia kwenye taa.

Webuye hauhitaji kufundishwa somo hili na mtu wa video. Tuliona mashine za Pan Paper, kubwa kuliko nyumba zetu, zikisimama mwaka 2009 kwa madeni, deni la stima likiwemo. Hazikusimama kwa kukosa rangi.

Sasa futa ile orodha. Mstari wa kwanza andika pawa saplai, jina lake na ampea zake. Ukishamaliza, niletee simu hapo stendi. Tutaongea hizo nyingine.