"Hauna kitu" si jibu

Katika vituo vya afya vya Kivu kuna sentensi ya maneno mawili ambayo sisi wanafunzi wa isimu tungepaswa kuichunguza kuliko nyingi tunazozichambua darasani. Sentensi hiyo ni "Hauna kitu." Huambiwa mtu aliyefika akihema, mkono kifuani, akiamini kwamba anakufa. Amepimwa tansio, damu imetazamwa kama ina malaria, moyo umesikilizwa, na ugonjwa haukuonekana. Basi anaambiwa hana kitu, anarudi nyumbani, na baada ya siku tatu yuko tena mlangoni na mkono kifuani.

Hoja yangu ni kwamba sentensi hiyo ina kasoro ya lugha kabla ya kuwa na kasoro ya tiba, na kwamba kitivo kama chetu kinaweza kusaidia kuirekebisha.

Ninasema hivyo nikiwa mmoja wa walioambiwa. Kwetu ni Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Tangu vita ilipofika kwetu Machi 2024, mwili wangu umekuwa na mambo yake. Moyo huanza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu nasoma. Vidole hufa ganzi, midomo huwasha kama imepakwa pilipili, kifua hubana, na sakafu huwa kama inaondoka chini ya miguu. Kilele hupita baada ya dakika chache, lakini wimbi jingine hufuata, na jingine, mpaka usiku unakwisha. Kinachobaki asubuhi ni uchovu, na hofu ya kushikwa tena. Nimepimwa mara nne, mahali tofauti. Mara zote nne jibu lilikuwa lile lile: "Dada, hauna kitu. Enda upumzike."

Tuiangalie sentensi yenyewe. Anayeisema anamaanisha: "Sikuona ugonjwa wa moyo." Hiyo ni habari njema na ya kweli. Lakini hakusema hivyo. Amekanusha neno "kitu", ambalo kwa Kiswahili ni pana kuliko yote, na ukikanusha kitu umekanusha kila kitu. Pengine ni mwangwi wa Kifaransa cha hospitalini, "vous n'avez rien", ambacho nacho hakina huruma zaidi. Mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi anajua kwamba ana kitu. Kwa hiyo anasikia moja kati ya mambo mawili: ama "unajifanya", ama "sijui ulicho nacho". Akiondoka hapo analitafuta jina mwenyewe, na Kivu majina hayakosekani. Yapo tansio, malaria iliyojificha, kurogwa, karuho. Kila jina lina bei yake: vidonge vya tansio vinavyomezwa na mtu asiye na tansio, mbuzi anayeuzwa ili mponyaji wa karuho alipwe, jirani anayeanza kutazamwa vibaya kwa sababu ndiye aliyekupa chai siku ile.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alichapisha maelezo ya mashambulio haya ambayo mwanafunzi wa lugha atayaelewa upesi. Mtu huhisi badiliko dogo mwilini, akalisoma kuwa dalili ya maafa: moyo unasimama, pumzi inakatika, akili inaruka. Usomaji huo huleta hofu. Hofu humwaga adrenalini, moyo ukazidi kwenda mbio, na mtu akapata ushahidi mpya kwamba alisoma sawa. Kupumua kwa haraka nako hutoa hewa ya kaboni kwenye damu kupita kiasi, na ndiyo sababu vidole na midomo hupata ganzi na kichwa kuzunguka. Dalili zote hizo ni za kweli. Kilichokosewa ni maana iliyopewa.

Waliokuwa Goma Mei 2021 hawahitaji maelezo marefu. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na kwa siku kadhaa ardhi ikawa inatetemeka. Siku hizo kila lori lililopita lilisomwa kuwa tetemeko, na mtu aliruka kutoka kitandani kwa sababu ya mlango uliopigwa na upepo. Hakuna aliyekuwa mwendawazimu. Tulikuwa wasomaji waliofundishwa na ardhi yenyewe kutarajia neno moja tu, na tukaanza kuliona kila mahali. Shambulio la hofu ni usomaji wa namna hiyo, ila kitabu ni mwili wako na huwezi kukiweka kando. "Hauna kitu" inaifuta alama bila kuipa maana mpya.

Kiswahili kingeweza kufanya vizuri zaidi, maana sarufi yake iko upande wa mgonjwa. Sikiliza: hofu ilinishika, kizunguzungu kimenipata, baridi inanishika, usingizi ulinichukua. Katika sentensi hizi hisia ndiyo kiima, na mtu yumo kama kiambishi cha mtendwa, -ni-. Kifaransa husema mtu "ana hofu" kama anavyokuwa na nyumba au shamba, ilhali Kiswahili kinasema kuna kitu kimekuja kikamshika. Na kinachoshika huachia. Tunasema "homa imeniachia" bila kufikiri. Kwa hiyo maelezo anayoyahitaji mgonjwa tayari yana maneno yake: "Moyo wako tumeupima, ni mzima. Hofu imekushika, ndiyo maana unaenda mbio. Itapanda, itafika juu, kisha itakuachia. Haitakuua. Toa pumzi polepole, uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta." Hayo husemwa kwa nusu dakika, na yanampa mtu maana ya kuweka mahali pa kifo.

Linganisha na fomu. Zipo fomu za kupima wasiwasi, kama ile ya maswali saba iitwayo GAD-7, ambazo zimeshatafsiriwa kwa Kiswahili na zina kazi yake. Lakini "wasiwasi" ni neno lililochakaa kwa kutumika. Tunasema "hakuna wasiwasi" tukimaanisha hakuna shida, na ukimwuliza mvuvi kama ana wasiwasi, atakujibu kuhusu nyavu, viboko na askari wa ziwani, au atasema hapana. Mjomba wangu, mvuvi wa miaka mingi, angesema hapana. Alichoniambia mimi ni hiki: "Roho inatapatapa sawa vile samaki ndani ya mtumbwi." Kwetu roho ni moyo na ni uhai pia. Muuguzi asiyejua hilo akisikia "roho inanitoka" atadhani ni chumvi. Kumbe hofu ya kufa ni mojawapo ya dalili 13 ambazo wataalamu wa akili hutumia kulitambua shambulio la namna hii, na mgonjwa ameitaja waziwazi.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya kitabibu: si kila kifua kinachobana kimebanwa na hofu. Ni kweli. Ugonjwa wa moyo, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kufanana na haya, na anayeumwa kifua kwa mara ya kwanza anapaswa kupimwa. Mimi ninazungumzia sentensi inayokuja baada ya vipimo.

Ya pili ni nzito zaidi. Vitshumbi hatari ipo. Julai 2018 wanamaji wa Kongo na wa Uganda walipigana juu ya ziwa hilo hilo tunalovua, na yaliyofuata miaka ya karibuni kila mmoja anayajua. Nani atamwambia mtu wa huko "tulia, hakuna hatari"? Hakuna, na asiambiwe, kwa sababu ni uongo na ataujua. Lakini kumweleza mtu kwamba hofu imemshika si kumwambia kwamba dunia ni salama. Ni kumsaidia kutenganisha kengele inayolia kwa sababu boti yenye bunduki inakuja na kengele ile ile inayolia saa nane ya usiku wakati nyumba imelala. Mtu asiyeweza kuzitenganisha hachoki kwa vita peke yake. Anachoka mara mbili, na siku ya hatari ya kweli anakuwa ameshamaliza nguvu.

Kwamba neno la wenyeji linaweza kubeba tiba si ndoto. Mwaka 2006 huko Harare daktari Dixon Chibanda alianzisha mpango ambao bibi wa mtaani, aliyepewa mafunzo, hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Mpango huo ulijengwa juu ya neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Tazameni kiambishi -isis-, cha kuzidisha tendo. Wenzetu wa sarufi za Kibantu watakipenda. Hatua ya kwanza ya mazungumzo inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua akili. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi wale hawakuanza na neno la kigeni ambalo mgonjwa angelazimika kufundishwa kwanza.

Ninachopendekeza kwa kitivo ni kidogo na kinafanyika. Tunaandika kazi za mwisho wa masomo kila mwaka, nyingine kuhusu viambishi ambavyo vimeshaandikwa mara kumi. Baadhi yetu tukusanye, kwa idhini na bila majina ya watu, misemo ambayo wagonjwa hutumia kuuelezea mwili ulioshikwa na hofu, kwa Kiswahili cha Kivu, Kinande, Kihunde na Kinyarwanda. Tuwape wauguzi orodha hiyo pamoja na maana zake. Tuandike nao ukurasa mmoja wa maelezo ya kumsomea mgonjwa baada ya vipimo, kisha tuwasomee waliowahi kushikwa ili watuambie ni neno gani linawakwaza. Wahadhiri wa isimu-jamii na wa tafsiri wanazo mbinu zote zinazohitajika.

Misemo 31 ya kwanza ninayo kwenye daftari, kutoka kwa ndugu na majirani wa Vitshumbi. Anayetaka kuongeza ya kwao anitafute.